Gorogoro ya Mama na Siku ya Vipimo

Nyumba za Walimu,
Shule ya Kwa Nzomo,
Matinyani, Kitui.
8 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Kyule,

Pokea salamu za nyumba nzima, zaidi ya zile ninazokutumia kwa simu mtandao ukipenda. U hali gani? Ule mgongo uliokukaza kwa kupanda ngazi na kubeba viyoyozi vya watu umelegea? Na unakula nini huko Doha, au bado ni wali asubuhi, wali mchana, wali jioni? Sisi huku ni wazima. Goti la Mama la kushoto hulalamika asubuhi, likishapata jua linanyamaza. Mimi nilishikwa na homa siku mbili mwezi uliopita, ikaniona sina muda nayo ikaenda zake.

Mvua ya Aprili ilikuja kutuchungulia kama mgeni asiyetaka kuketi. Mahindi yamekauka, kunde zimejikaza kisabuni, ila mbaazi zinatupa moyo. Yule ng'ombe wa pembe moja amezaa ndama jike, na Mama amemwita Krismasi. Nilipomuuliza kwa nini Krismasi na tuko Mei, akasema kuna mtu huwa anaahidi kuja nyumbani Krismasi, basi hata kama haji, tutakuwa na Krismasi wetu. Nimekupa ujumbe kama ulivyo, sijaongeza chumvi.

Utashangaa kupata karatasi siku hizi. Fahim, kijana wa Rashid mwenye duka pale Kitui mjini, amepata kazi huko na anasafiri Alhamisi. Nikaona hii ni bahati, maana habari niliyo nayo haitoshi kwenye simu, na tena inakuhusu. Ndiyo, wewe. Keti kwanza.

Unanijua mimi na siku zangu. Tangu nianze kufundisha sayansi Gredi ya Saba, nina kalenda kubwa ya manila ukutani, nimeandika kila siku ambayo dunia imeitenga kwa jambo la sayansi: siku ya maji, siku ya malaria, siku ya nyuki, siku ya kupambana na ukame. Nimegundua mtoto ukimwambia fungua kitabu ukurasa wa arobaini, anapiga miayo. Ukimwambia leo dunia nzima inafikiria maji, na sisi tutafikiria ya kisima chetu, anakuja shule kabla ya kengele. Siku ya malaria watoto walikwenda kutafuta viluwiluwi vya mbu katika mapipa yote ya shule. Pipa lililoongoza kwa mbali lilikuwa la mwalimu mkuu, Bwana Mutunga. Alicheka, lakini kicheko cha upande mmoja.

Tarehe ishirini Mei ina siku mbili kwa pamoja, ya nyuki na ya vipimo. Mwaka jana tulichagua nyuki. Tulikwenda kutazama mizinga ya mzee mmoja jirani, na Bwana Mutunga, aliyekuja kuhakikisha usalama wa wanafunzi, akarudi nyumbani akitumia jicho moja. Kwa hiyo mwaka huu bila kupiga kura tukachagua vipimo.

Niliwaeleza kwamba siku hiyo, mwaka 1875, mataifa kumi na saba yalitia sahihi mkataba kule Paris ili mita ya huku iwe sawa na mita ya kule. Mtoto mmoja akauliza, kabla ya hapo watu walikuwa wanapima na nini? Kabla sijajibu, msichana mdogo anayeitwa Kanini, huketi mbele kwa sababu nyuma haonekani, akasema, "Na mikono, mwalimu. Kama susu." Darasa likacheka, maana hakuna bibi wa mtu asiyepima hivyo. Nami nikacheka, nikasema vizuri, tuendelee. Kumbe jibu la hadithi yote lilikuwa hapo, nami nikalipita na chaki yangu mkononi.

Sasa, siku hiyo iliangukia Jumanne, na Jumanne ni siku ya soko letu. Unajua sokoni kwetu hakuna mizani. Mahindi, ndengu, mbaazi, kila kitu ni kwa gorogoro. Nikawaza, ni kitu gani kitamfaa mtoto wa hapa kupima kama si ule mkebe ambao mamake hununulia chakula? Tukachukua gorogoro mpya kabisa kutoka jikoni kwa shule kuwa ya kulinganishia, bomba la kupimia mililita, maji kwenye jerikeni na kitambaa cha kupangusia. Wauzaji kumi walikubali. Niliwaahidi sitaandika majina, nambari tu.

Hapo ndipo nilipojikwaa. Nambari saba ilikuwa gorogoro ya Mama.

Unaikumbuka, ile yenye waya wa buluu uliozungushwa mdomoni. Hakuna mtu katika soko lile asiyeijua, kwa hiyo nambari yangu ya siri ilikuwa siri ya nani? Gorogoro ya shule ilichukua mililita elfu mbili na mia mbili. Nyingi za sokoni zilikaribia hapo, hii imezidi kidogo, ile imepungua kidogo. Ya Mama ikachukua elfu mbili na sitini. Tukarudia. Elfu mbili na sitini. Nilipoingiza mkono ndani nikagusa kitako, kilikuwa kimebonyea kuja juu. Miaka yote hiyo nimekula ugali ulionunuliwa kwa faida ya mkebe ule, na sikuwahi kutia mkono mpaka chini.

Kyule, watu waliacha kununua wakageukia meza ya Mama. Unajua Mama anavyoitwa pale. Hata wasiojua jina lake wanamwita Mama Imejaa, kwa sababu hajawahi kummwagia mtu nafaka kabla ya kumwonyesha mkebe na kumuuliza, "Imejaa?" Wanawake wa kanisa wamempa sanduku lao la pesa kwa miaka kumi na moja kwa ajili ya neno hilo moja. Na sasa watoto ishirini na watatu, na mwalimu wao ambaye ni binti yake, wamesimama na bomba la kupimia wakisema haijawahi kujaa.

Kasiva, yule wa meza ya pili anayeuza mahindi, ndiye aliyesema kwanza. "Woi! Hata Mama Imejaa? Sasa sisi tuamini nani?" Hakusema kwa ubaya, lakini alisema kwa sauti.

Mama alipangusa mkebe wake kwa leso, akafunga magunia, akamwita mtu wa mkokoteni. Ilikuwa haijafika saa sita. Nilimkimbilia nikamwambia Mwaitu, mama yangu, ngoja, lazima kuna maelezo. Akaniambia tu niende, watoto wasikae juani. Nilijihisi mdogo kuliko Kanini.

Jumanne iliyofuata hakwenda sokoni. Alisema ni goti. Jumapili iliyotangulia nilikuwa nimesikia kwamba amewaambia wanawake watafute mtu mwingine wa kushika sanduku. Nilimuuliza, akasema mzee anapumzika, kwani ni dhambi? Nikamwambia mkebe ni mkebe, tununue mwingine, watu watasahau. Akaendelea kupepeta. Nilirudi kwangu nikalia, sikufichi. Mimi ndiye niliyemwaga jina la mama yangu sokoni, tena nikalipangusa na kitambaa.

Bwana Mutunga naye akaniita ofisini, kwa upole lakini akaniita. "Mwalimu Muthoki, hizi siku zako ni nzuri. Lakini watu wa soko ndio wazazi wetu. Wacha kwanza hii maneno itulie." Nikashusha kalenda ukutani. Watoto waliona alama nne za gundi zilizobaki, hakuna aliyeuliza kitu.

Ila Kanini. Alhamisi saa ya chakula alinijia akishika sahani yake, githeri imefika mdomoni mwa sahani, akasimama hapo kama aliyekuja kudai.

"Mwalimu, sisi tulipima gorogoro. Hatukupima susu."

Nikamuuliza ana maana gani. Akasema mamake humtuma kwa Mama kila wiki, na Mama akishamwaga ile gorogoro kwenye mfuko, huunganisha viganja viwili akaongeza. Wengine huongeza pia, lakini hutupia mbegu tatu kama anayeita kuku. Mama huongeza viganja viwili vimejaa. Sasa, akauliza, mtu anabeba nyumbani mkebe, au anabeba mfuko?

Nilisahau kula. Nyongeza! Mimi nimepita kwenye meza ile miaka nenda miaka rudi, nimeiona nyongeza hiyo mara elfu, nikaizoea mpaka ikawa haionekani. Na nimewafundisha watoto hawa kwamba mwanasayansi kwanza hujiuliza anapima nini. Kumbe ndege hutua mti asioutazamia, safari hii ametua kwenye sahani ya githeri.

Tulipanga hivi. Rashid alitukopesha mizani ya kidijitali ya dukani kwake, bila masharti, ila niirudishe bila unga. Jumamosi watoto tisa, ambao mama zao walikuwa kweli wameishiwa ndengu kwa sababu Mama hakufungua, wakatumwa nyumbani kwetu mmoja mmoja, kila mmoja gorogoro moja. Hakuna aliyeambiwa aseme lolote. Mimi mwalimu wako mheshimiwa, mwenye cheti na miaka ishirini kazini, nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya banda la kuku na mizani kwenye kiti cha plastiki, jogoo akinitazama kwa dharau.

Gorogoro ya shule ikijaa ndengu ilikuwa na uzito wa kilo moja na gramu mia saba sitini. Mfuko wa kwanza ukaja. Kilo moja, mia saba tisini. Wa pili, mia nane na tano. Wa tatu, mia saba themanini. Tisa yote, Kyule! Hakuna hata mmoja uliopungua. Wa chini kabisa ulizidi ile ya shule kwa gramu kumi na mbili. Kanini alikuwa anaandika, na kila nambari kalamu yake ilikuwa inakaza zaidi mpaka ikatoboa karatasi.

Wa tisa alipotoka, watoto wakashindwa kujizuia wakapiga kelele, kuku wakaruka, na Mama akatokea na ungo mkononi akanikuta nimepiga magoti mavumbini. Akauliza kama nimepoteza kitu. Nikampa karatasi. Hakuisoma mara moja, alikwenda kwanza kutafuta miwani, nasi tukamngoja hapo hapo.

Aliposoma akaketi juu ya kinu. Akasema, "Nilikuwa najua. Mimi si mjinga, hiyo mkebe naiosha kila siku."

Basi sikiliza sehemu yako. Ulikuwa na miaka minane. Mimi nilikuwa chuo cha ualimu Machakos, ndiyo maana sikuwa na habari. Jumapili ya mavuno ilikuwa inakaribia, ngoma ya kanisa imepasuka ngozi, na wewe ukajitolea kupigia watoto wa shule ya Jumapili. Ukaigeuza gorogoro ya Mama juu chini, ukachukua miiko miwili ya ugali, ukafanya mazoezi wiki tatu. Mama anasema nyumba ilikuwa haikaliki. Siku yenyewe ulipiga mpaka mchungaji akasahau mahubiri. Ulipoigeuza baadaye ukaona kitako kimezama, ukaenda ukajificha chini ya kitanda, ukakataa hata chapati.

Marehemu baba alitaka kuinyoosha kwa jiwe. Mama akamwambia aache, kijana atasikia kila pigo akiwa kule chini. Akaijaza ndengu, akaitazama, akaona lile bonde linatosha viganja vyake viwili. Kuanzia Jumanne iliyofuata akawa anarudisha kwa mikono kile ulichochukua kwa miiko. Na kwa sababu hawezi kujua bonde ni refu kiasi gani, anazidisha kidogo kwa ajili ya Mungu. Ni miaka ishirini na miwili sasa.

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema pale sokoni. "Ningesema nini? Kwamba nilijua? Mtu akisema alijua mkebe wake umepunguka na akauza nayo, nani atangoja asikie ile ingine?" Kisha akaongeza polepole kwamba mkebe mpya angenunua hata kesho. Lakini kila akimwaga ndengu anausikia ule mlio wa kitako, tum, na nyumba haiwi kimya sana. Alisema hivyo akitazama kuku, si mimi. Nikalia tena, na safari hii sikwenda kwangu kwanza.

Jumanne, tarehe tatu, tulirudi sokoni, Gredi ya Saba yote, na Mama mbele na magunia yake. Tulimwomba kila muuzaji auze kama kawaida, tukapima mfuko badala ya mkebe. Tukaweka manila kubwa yenye safu mbili, kilichomo mkebeni na kinachofika nyumbani. Safari hii tuliandika majina, kila mwenye jina akiwa ameturuhusu. Mama aliongoza. Kasiva, ambaye mkebe wake ulikuwa umenyooka kama rula, mfuko wake ukapungua. Tukapima tena, ukapungua tena. Watoto wakamtazama akijaza, wakagundua kwamba anaposhika mkebe, kidole gumba chake chote huogelea ndani. Hajui mwenyewe, ni mazoea ya miaka! Soko zima liliangua kicheko, naye akacheka kuliko wote, akakinyanyua kidole chake juu akakisema vikali kama mtoto mtundu. Kisha akaenda kwa meza ya Mama akamwomba msamaha mbele ya watu. Mama akamuuliza tu, "Imejaa?" Kasiva akajibu, "Imejaa, mama. Imezidi."

Sanduku la wanawake limerudi chini ya kitanda chake. Kalenda imerudi ukutani juu ya alama zile zile za gundi. Bwana Mutunga mwenyewe aliniuliza siku inayofuata ni ipi. Nilipomwambia ni ya kupambana na ukame tarehe kumi na saba, akauliza kama kuna nyuki.

Jambo la mwisho. Watoto walijitolea kuinyoosha gorogoro. Walikuwa wamefanya hesabu zote, kigogo kitawekwa wapi, pigo lianzie wapi. Mama akawashukuru, akawapa miwa, akakataa. Alisema aliyeitia shimo yuko Doha, na mikono yake ni mizima. Akuje anyooshe mwenyewe.

Fahim atakupa mfuko wa ndengu. Zimepimwa kwa gorogoro ile ile, nimesimama hapo nikishuhudia, na nyongeza yake juu. Huko najua mizani si haba, lakini usizipime. Zipike uzile na wenzako.

Dada yetu Kathini na watoto wake pale Emali wanakusalimu, nao wanauliza kama kweli huko hakuna mvua kabisa au unatia chumvi. Rashid anakusalimu na anakuomba umwangalie Fahim, ndiyo mara yake ya kwanza kuwa mbali na mamake, Halima. Kasiva anakusalimu kwa vidole vinne. Kanini hakujui, lakini amesema nimwambie mpiga ngoma ni muvea muno, asante sana, kwa kuwapa somo.

Mungu wa baba yetu akulinde juu ya ngazi hizo, akurudishie mgongo wako, na akufungulie njia ya kuja nyumbani kama alivyokufungulia ya kwenda.

Dada yako akupendaye, na leo anayekudai mkebe,
Muthoki

N.B. Nilimsomea Mama barua hii yote. Amesema ni sawa, ila nimesahau kitu kimoja. Nyundo ameshainunua. Ameiweka chini ya kitanda chako, pale pale ulipojificha.